Kicheko Kinataka Watu

Ukimuuliza mtu kwa nini amecheka, atakutajia kichekesho: fulani kasema hivi, fulani kamjibu vile. Jibu hilo linaridhisha mpaka mtu aanze kuhesabu. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Maryland kampasi ya Baltimore, alihesabu. Yeye na wanafunzi wake walipita madukani na njiani, wakatega masikio, wakaandika matukio 1,200 ya kicheko pamoja na maneno yaliyotangulia kila kimoja. Chini ya asilimia 20 ya vicheko hivyo ndivyo vilivyofuata jambo lililofanana na mzaha. Vilivyobaki vilifuata maneno makavu kabisa, ya namna ya "haya, tutaonana" au "ulikuwa wapi siku zote?" Tena aliyekuwa akisema alicheka zaidi ya aliyekuwa akisikiliza. Kisha Provine akawataka wanafunzi wengine waandike kila walipocheka na walikuwa na nani. Ukiziweka kando runinga na vitabu, mtu aliye na wenzake alicheka mara 30 zaidi ya alivyocheka akiwa peke yake. Kwa hiyo mzaha ni kisingizio tu mara nyingi. Kinachomchekesha binadamu, kwanza kabisa, ni binadamu mwenzake aliye mbele yake.

Hilo linafaa kukumbukwa kila tunaposoma, na siku hizi tunasoma sana, kwamba kucheka kunashusha presha, kunapunguza sukari, kunaondoa msongo. Habari hizo huandikwa kana kwamba kicheko ni kidonge ambacho mtu anaweza kukimeza chumbani mwake na mlango ameufunga. Nadhani zimekosea mahali pa kutilia mkazo. Ushahidi wenye uzito unahusu kicheko cha watu waliokusanyika, na kama ni hivyo, afya tunayoisifia inategemea kwanza kuwapo kwa mahali, muda na ruhusa ya kukusanyika. Songwa, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, panafaa kulichunguzia jambo hili. Ni nchi ya wakulima wa pamba na wafugaji kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza, jirani na Mwadui ambako John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940, na upande wa magharibi, kupita Kahama mpaka Geita, kuna ukanda wa dhahabu unaovuta vijana wa Usukuma nzima. Ndani ya eneo hilo moja utakuta taratibu za zamani za kuchekeshana zilizosimama imara, na utakuta pia kambi za machimbo ambamo mtu anaweza kulala, kula na kufanya kazi kati ya mamia ya watu asiowajua kwa majina.

Tuanze na kifua chenyewe. Mtu anapocheka kwa dhati hapumui kama kawaida. Kiwambo na misuli iliyo kati ya mbavu hujikaza kwa vipigo vifupi vifupi, kila kipigo kikisukuma hewa nje, "ha" moja baada ya nyingine, kiasi cha tano katika sekunde moja, wala hapana nafasi ya kuvuta pumzi mpaka mapafu yanakaribia kuishiwa. Ndiyo maana mchekeshaji akikolea watu huinama, hushika matumbo, hutokwa machozi na kumwomba anyamaze kwanza. Kazi hiyo ya misuli ni nzito, na si rahisi kuianzisha kwa kuamua tu. Robin Dunbar wa Oxford alishuku kwamba uzito huo, kama ule wa mazoezi, huufanya ubongo utoe endofini, kemikali za mwili zinazofanya kazi inayofanana na ya mofini. Kwa kuwa endofini za ubongoni hazipimiki kirahisi, yeye na wenzake waliamua kupima maumivu. Katika majaribio sita yaliyochapishwa mwaka 2012, watu walitazama vichekesho au filamu za kawaida, kisha wakavishwa mkononi mfuko uliogandishwa barafu, au mkanda wa kupimia presha uliokazwa sana, wakatakiwa waseme pale uvumilivu utakapowaishia. Waliocheka walivumilia zaidi, na walicheka zaidi walipokuwa kundini. Waliotazama filamu nzuri ya misitu na wanyama, wakaburudika bila kucheka, hawakuonyesha nyongeza hiyo. Furaha ya moyoni haikutosha. Ilibidi mbavu zifanye kazi.

Miaka mitano baadaye watafiti wa Turku, nchini Finland, wakaingia ndani ya ubongo wenyewe. Waliwachukua wanaume 12 wenye afya, wakawapima kwa mashine ya picha za ubongo mara mbili: mara moja baada ya kukaa nusu saa peke yao, mara nyingine baada ya nusu saa ya kutazama vichekesho na kucheka na marafiki zao wa karibu. Baada ya kucheka na marafiki, kemikali hizo za kutuliza zilikuwa zimemwagika katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na raha. Wanaume 12 ni wachache, na tutalirudia hilo. Lakini angalia walichochagua kulinganisha. Watafiti hao hawakumpima mtu anayecheka peke yake. Kwa hesabu za Provine, angecheka kidogo mno.

Jambo la pili linalovutia ni kuwa kicheko si njia pekee ya kufika hapo. Mwaka 2010 huko huko Oxford walipimwa wapiga makasia 12 wa chuo. Walipopiga makasia kwa mpigo mmoja na wenzao walivumilia maumivu zaidi kuliko walipofanya kazi ya uzito ule ule kila mtu peke yake. Aliyewahi kuona bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, hatashangaa sana. Watu wanapanga mstari shambani, ngoma zinalia nyuma yao, majembe yanapanda na kushuka pamoja, mengine yanarushwa hewani na kudakwa kabla ya kupiga udongo, na shamba ambalo mtu mmoja angelilima kwa manung'uniko siku kadhaa linaisha huku watu wakitaniana. Wasukuma waliutumia mpigo wa pamoja kupunguza uchovu wa jembe kabla ya maabara yoyote kuuliza swali hilo. Na baada ya mavuno huja mbina, mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, pande mbili ambazo waasisi wao wa karne ya 19 ni Ngika na Gumha. Kanuni ya ushindi ni ya ukatili wa kipekee: pande zote mbili hucheza wakati mmoja, karibu karibu, na mshindi ni anayevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji akichoka anageuka, anatembea hatua chache, ameshapiga kura. Mashindano ya aina hiyo yalijaa wacheza nyoka, wacheza nungunungu, vinyago na vituko vya kila namna, kwa sababu hakuna kinachoihamisha hadhira haraka kama mlipuko wa kicheko upande wa pili. Sehemu ya urithi huo imehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, ingawa makumbusho, kwa bahati mbaya, hayawezi kuhifadhi kelele za watu.

Madai mengine ya kiafya tuyapitie haraka, kwa kuwa hayalingani uzito. Mwaka 2003 watafiti wa Japani waliwapa watu 19 wenye kisukari cha aina ya pili chakula cha kipimo kimoja kwa siku mbili. Siku ya kwanza wakawasikilizisha mhadhara mkavu, siku ya pili wakawaonyesha wachekeshaji. Siku ya mhadhara sukari ilipanda baada ya mlo kwa wastani wa 6.8 kwa vipimo vinavyotumika hospitalini kwetu. Siku ya vichekesho ilipanda kwa 4.3. Mwaka 2005 huko Maryland watu 20 walionyeshwa vipande vya filamu ya kuchekesha na ya vita: mishipa ya damu ilitanuka zaidi baada ya ile ya kwanza na kubana baada ya ile ya pili. Na mwaka 2023 mapitio ya tafiti nane zenye washiriki 315 yalikuta kwamba kicheko cha kweli kilishusha kortiso, homoni ya msongo, kwa kiasi cha asilimia 32 kuliko shughuli za kawaida walizofanya wale wa kulinganishwa. Hayo ni matokeo mazuri. Si sababu ya mgonjwa wa sukari kuacha dawa zake, na anayemwambia hivyo awe mchungaji, mganga au mtu wa mtandaoni anamhatarisha.

Msomaji makini atakuwa ameshaona udhaifu. Watu 12, watu 19, watu 20. Vipimo vya saa moja au siku mbili. Washiriki wanaojua kabisa kuwa wanaonyeshwa vichekesho, jambo ambalo haliwezi kufichwa kama dawa bandia inavyofichwa ndani ya kidonge. Pingamizi hilo ni la haki, na kwa maoni yangu linawaangusha wengi wanaouza kicheko kama tiba. Haliiangushi hoja ya hapa, kwa sababu hoja hii haisimami juu ya tafiti hizo ndogo peke yake. Zinaeleza njia tu, namna ambavyo jambo la kijamii linaweza kuingia mwilini. Uzito uko kwingine. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizofuatilia watu 308,849 kwa wastani wa miaka saba na nusu. Waliokuwa na mahusiano imara ya kijamii walikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 50 ya kuwa hai mwisho wa ufuatiliaji kuliko waliokuwa na mahusiano dhaifu. Mwezi Juni 2025 kamisheni ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Mtu anaweza kuuliza kama ni upweke unaowaugulisha watu au ni ugonjwa unaowatenga. Bila shaka vyote viwili vipo. Lakini kama mahusiano yanalinda uhai, lazima pawe na kitu kinachoyashonea mahusiano hayo kila siku, kwa bei nafuu, kati ya watu wengi kwa mara moja. Dunbar anaamini ni kicheko, na mimi naona hajapata mpinzani mwenye jibu bora.

Hapa ndipo utani unapopata uzito ambao mara nyingi tunaunyima. Miaka ya 1940 Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, huko Usambara, aliwaacha ndege wake kwa muda akakusanya habari za utani kutoka makabila mengi ya Tanganyika. Alieleza kuwa utani wa makabila ulizaliwa vitani na safarini. Wahehe na Wangoni walipigana, wakachoka, wakawa watani. Wanyamwezi, na Wasukuma nyuma yao, walibeba mizigo ya misafara ya karne ya 19 mpaka pwani, wakapita katika nchi za watu, wakahitaji maji, chakula na mahali pa kulala, nao Wazaramo wa huko wakawa watani. Fikiria busara ya mpango huo. Mgeni aliyefika akiwa na njaa na mkuki angeweza kuwa adui. Kwa utani akawa mtu anayeruhusiwa kuingia jikoni bila hodi, kumtukana mwenye nyumba, na kutukanwa. Ndani ya ukoo utaratibu ni huo huo kwa kipimo kidogo: mjukuu humwita babu yake mume mwenzake, mabinamu huchokozana, mashemeji huambiana maneno ambayo kaka na dada wasingethubutu.

Na pa kuupima utani ni msibani. Wafiwa wamekaa siku nzima kwenye mikeka, macho yamevimba, hakuna anayejua aseme nini. Mtani anafika. Anavaa koti la marehemu, anatembea kama alivyotembea marehemu, anakohoa kama alivyokohoa, anaanza kudai madeni ambayo hayapo. Wakati wa kuzika anashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, na wafiwa wanatoa shilingi huku wakimtukana. Mama aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi anajikuta amecheka, kisha analia tena, na safari hii kilio kinamtoka vizuri. Wageni wa desturi hii huiona kuwa utovu wa heshima. Ila mwaka 1997 Dacher Keltner na George Bonanno walichapisha utafiti wao wa Marekani kuhusu watu waliofiwa na wenzi wao miezi michache kabla. Waliozungumza juu ya marehemu na wakacheka kicheko cha kweli, kile kinachokunja ngozi ya pembeni mwa macho, walionekana kuelemewa na huzuni kwa kiwango cha chini zaidi, na kuwa na uhusiano mzuri zaidi na watu wanaowazunguka, kuliko wasiocheka. Utafiti hauthibitishi kwamba kicheko ndicho kilichowaponya. Unaonyesha tu kuwa anayecheka katikati ya msiba hajakosa uchungu, na kwamba mtani hamwibii marehemu kitu.

Sasa tumpeleke kijana wa Kishapu kwenye machimbo ya Geita, Nyarugusu au Rwamagasa kwa mfano. Kule nyumbani kicheko chake kilikuwa na ratiba: palizi ya pamoja, mbina, harusi, msiba, babu yake jioni. Kambini ratiba ni ya duara, yaani shimo la kuchimbia. Anashuka kwa kamba kati ya matimba, anachimba, anapandisha viroba vya mawe, mawe yanakwenda karasha, mashine ya kuyaponda, yanasagwa, yanaoshwa mwaloni, dhahabu inanaswa kwa zebaki. Malipo ni mgawo wa mawe, na mgawo huo unaweza kuwa bure kwa wiki kadhaa. Jirani yake wa kushoto ni Mha, wa kulia Mzinza, mbele Mkurya, na wote wanajuana kwa majina ya utani tu. Kimaumbile hii ni hali ya kutengeneza upweke, hata kama watu wamebanana. Na bado kambi zina makelele ya vicheko, kwa sababu watu huzirejesha taratibu zao haraka kuliko wanavyojenga vyoo. Swali la kwanza kwa mgeni ni kabila lake, na jibu likitoka tu anashambuliwa: Msukuma na viatu vyake, Mkurya na panga lake, Mhaya na maringo yake. Jumatatu baada ya mechi ya Simba na Yanga hakuna asiyejua amkejeli nani. Wanawake wanaogonga mawe kwa nyundo huketi kwa duara la watu watano sita, khanga zimefungwa puani kuzuia vumbi, na nyundo hazisimami wakati hadithi inaendelea. Zinasimama hadithi inapofika kwenye kilele, zote kwa pamoja, kisha zinaanza tena.

Halafu kuna banda la video: mabati, mabenchi, jenereta, na kiingilio kidogo. Enzi za kanda, Lufufu alitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake na maneno yake mwenyewe, na mchekeshaji King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, aliwavunja mbavu watu ambao hawajawahi kufika Tanga kwao. Filamu ile ile sasa iko kwenye simu, na simu ina visikizio. Sitaki kuilaumu simu kwa kila kitu, lakini katika jambo hili hesabu ni rahisi. Mtu mmoja anayetazama King Majuto kitandani anatabasamu, pengine anatoa pumzi puani. Watu 60 bandani wanaangusha mabenchi. Kama Provine na Dunbar wako sahihi, walichotazama ni kimoja ila miili yao haikupata kitu kimoja, na kijana aliyeokoa kiingilio cha bandani amepata hasara ambayo haitaonekana kwenye pochi yake.

Wapo watakaosema kwamba kijiwe ni maficho ya wavivu na kwamba vicheko vingi vya kambini vinatoka kwenye chupa. La pili lina ukweli. Pombe hulegeza ulimi, na usiku wa malipo unaoanza kwa vicheko unaweza kuishia kwa kisu. Faida iliyopimwa na watafiti haikuhitaji kinywaji, na hiyo ni habari njema kwa mfuko wa mchimbaji. Kuhusu uvivu, bugobogobo na nyundo za akina mama zinatosha kuwa jibu.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka magharibi mwa Ziwa Victoria, mkoani Kagera. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa kwao hali ikaonekana Nshamba, ambako watu 217 walipatwa, kisha katika shule nyingine karibu na Bukoba. Shambulio la mtu mmoja liliweza kudumu saa chache au mpaka siku 16, likikatika na kurudi, pamoja na kilio, hofu na kukimbia ovyo. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, wakachunguza chakula, hawakupata kijidudu wala sumu, na hakuna aliyekufa. Walimu hawakuguswa. Je, hicho si kicheko cha kundi, tena kilichokithiri? Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba ulikuwa mfadhaiko wa pamoja: watoto waliobanwa na nidhamu ya bweni, matarajio ya wazazi na mabadiliko ya nchi, wasio na mahali pa kusema. Miili yao ilisema kwa niaba yao. Waandishi wa kigeni wamelifanya tukio hilo kuwa jambo la kuchekesha, na hapo wamelikosea. Lilikuwa na sauti ya kicheko bila yale yanayokifanya kicheko kiwe na afya: aliyecheka hakuwa na furaha, hakuweza kuacha alipotaka, wala hakuwa na mwenzake wa kumjibu. Kama linatufundisha kitu kuhusu afya, basi ni kwamba kinachoambukizwa katika kundi ni ile hali iliyomo kundini, iwe raha au dhiki.

Linalofanana na hilo ni kicheko cha kumcheka mtu. Usukuma una majeraha yake hapa. Vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni waliitwa wachawi na kuuawa, na watu wenye ualbino wamewindwa; kabla ya panga mara nyingi kulikuwa na dhihaka, na dhihaka ilichekewa na watu wengi. Kundi linaloangua kicheko linapata endofini zake hata kama katikati yake yumo mtu anayeangamia. Utani unajikinga na hatari hiyo kwa kanuni moja isiyoandikwa: kila anayetania lazima ataniwe, na kwa nguvu ile ile. Asiye mtani wako humgusi. Kambini kanuni hii huvunjwa kila siku pale wateja wanne wanapomwambia mama lishe maneno ya aibu na kisha kumwambia kwamba ni utani tu. Si utani. Yeye hawezi kuwajibu hivyo hivyo, kwa kuwa anawadai hela ya wali. Mkusanyiko wa namna hiyo unawapa wanne afya kidogo na kumpa mmoja msongo wa mwaka mzima, na msongo nao hupandisha presha.

Kwa wasio na watani wala bendi ya ngoma kuna mbinu ya daktari wa Mumbai, Madan Kataria, aliyeanza na watu watano bustanini tarehe 13 Machi 1995. Walikuwa wakisimuliana vichekesho kila asubuhi. Baada ya kama wiki mbili vikawaishia, vilivyobaki vikawa vya matusi, wakaamua kucheka bila kichekesho, kwa kujilazimisha, wakitazamana machoni. Kicheko cha bandia kikageuka cha kweli. Klabu za aina hiyo zimeenea duniani. Nina shaka na madai yake mengi, hasa lile la kwamba mwili hautofautishi kicheko cha kweli na cha bandia, lakini ugunduzi wenyewe unaafikiana na Provine: kichekesho kilipoondolewa, watu walibaki na kicheko kikaendelea.

Kuna watu wanaopaswa kujihadhari. Mapitio yaliyotoka mwaka 2013 katika jarida la madaktari wa Uingereza yalionyesha kuwa kicheko kikali kimewahi kuwazimisha watu, kuchochea pumu na kuchomoza ngiri. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo ashike mto. Na kwa wachimbaji kuna la kusemwa waziwazi: kicheko hakitoi vumbi la mawe lililokwisha kuganda kwenye mapafu, wala hakisafishi zebaki aliyoivuta mtu akichoma dhahabu kwenye kikaango nyuma ya nyumba. Kinga ya hayo ni maji kwenye karasha, barakoa, na vifaa vya kunasa mvuke; na kuhusu zebaki, Tanzania iliahidi kupunguza matumizi yake ilipoidhinisha Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mwajiri au mwenye duara anayewaletea wachekeshaji watu aliowanyima barakoa anawadhihaki.

Ila kundi linalocheka lina kazi moja zaidi ambayo barakoa haiifanyi. Kicheko hutoa pumzi mpaka karibu mwisho, na pafu bovu halivumilii hilo. Mchimbaji mwenye vumbi kifuani, au mwenye kifua kikuu ambacho humwandama sana mvuta vumbi, anaweza kuzungumza siku nzima bila kujulikana. Akicheka, kikohozi kinamshika na hakimwachii. Wenzake wa kijiweni wanaweza kulisikia hilo kabla ya daktari. Husikia pia mwenzao anapoanza kucheka kwa kujizuia, au anapoacha kuja. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, na wahudumu wa afya ya jamii wanaohangaika kuwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba wangepata majina mengi kwa kuwauliza wauza kahawa na wenye mabanda ya video ni nani siku hizi akicheka anakohoa.